Hewa ya Kumpikia Jirani

Kwenye sherehe za Waswahili wa hapa Birmingham, mtu akiniuliza nafanya kazi gani, nimezoea kumjibu kwamba mimi ni mpishi. Ukianza kueleza fizikia ya chembe na mashine za kuziongezea kasi, pilau linapoa na mwenzako anaanza kuzungusha macho akitafuta kiti kingine. Wala si uongo mtupu. Kwenye maabara ya utafiti ninakofanya kazi tuna mashine kubwa ya duara, saiklotroni, na kazi yake ni kuzungusha chembe ndogo ajabu ziitwazo protoni. Sumaku inazipinda zisitoroke, umeme unazisukuma kila zinapopita, na kadiri zinavyosukumwa ndivyo mbio zinavyoongezeka na duara lao linavyopanuka, mpaka zikifika ukingoni tunazitoa nje zikiwa mwale mmoja ulionyooka. Siku nyingi mwale huo tunapigia vyuma na vipande vya mitambo ili tuone vitastahimili vipi mionzi. Lakini ziko asubuhi tunazoutumia kupika dawa za hospitali. Hiyo ndiyo kazi niipendayo kuliko zote, ijapokuwa ndiyo inayoniondoa kitandani kabla ya jogoo, kama mtaani kwetu Erdington kungekuwa na jogoo.

Mwenzangu kwenye meza ya kuongozea mashine ni kalasinga mzaliwa wa Kisumu, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na kilemba cha buluu. Wazazi wake walimleta nchi hii akiwa mtoto, na Kiswahili chake kikabaki kile kile cha utotoni, cha barabarani na cha dukani. Tukiwa wawili tunazungumza Kiswahili, na wenzetu wanadhani tunawasengenya, jambo ambalo kwa siku nyingine ni kweli. Yeye mwale huuita mwali.

"Dada, mwali ameamka!" atasema, taa ya kijani ikiwaka.

"Mwale umewaka," namsahihisha. "Mwali ni msichana anayefundwa."

"Sasa huyu je? Amefichwa ndani, kuta nene namna hii, hakuna ruhusa kumwona. Siku akitoka kila mtu anasimama. Kama si mwali ni nini?"

Mimi ni mtu wa Tanga. Kushindwa maneno na mtu wa Kisumu, tena mbele ya mashine, ni aibu ya kutosha kumfanya mtu ahame mji. Siku ile nilijifanya nina shughuli na vipimo.

Nyumba yangu imeshikana ukuta na nyumba ya mama mmoja kutoka Goma. Alikuja kama mkimbizi miaka mingi nyuma, mumewe ameshafariki, watoto wake wako Kanada. Tulianza kujuana kwa ugomvi wa mboga. Nilimpelekea kisamvu kwenye bakuli, akaonja, akasema hii ni sombe na nimeiharibu kwa nazi. Nikamwambia kisamvu bila nazi ni majani ya mbuzi. Kesho yake akaniletea yake, nikaila yote nimesimama jikoni, na bakuli nikalirudisha likiwa tupu. Tangu hapo tukawa mtu na jirani yake. Mimi namwita Mama, yeye akinipenda ananiita mwanangu na akinikasirikia ananiita Docteur.

Kuta za nyumba zetu ni nyembamba. Jumamosi mchana nilikuwa nikimsikia akifanya mazoezi ya nyimbo za kwaya ya kanisani kwao, sauti nzito yenye kujiamini ambayo haikuwa ikijali sana tuni. Halafu katikati ya nyimbo kikaingia kikohozi. Halafu kikohozi kikawa kirefu kuliko wimbo. Ikafika Jumamosi moja ukuta ukawa kimya kabisa, nikavaa viatu nikaenda kugonga.

Hospitali walimkuta na uvimbe sehemu ya juu ya pafu la kulia. Nilifuatana naye siku ya kuonana na daktari wa upasuaji, mwanamume mpole aliyechora mapafu kwenye karatasi ili tuelewe. Kuukata uvimbe kunawezekana, alisema, ila itabidi aondoe na kipande cha pafu kinachouzunguka, na kwanza lazima ajue kipande hicho kinafanya kazi kiasi gani. Kama hakipitishi hewa tena atakikata bila wasiwasi, kwa sababu mwili umeshazoea kuishi bila hicho. Lakini kama ndicho kinachombeba, hatathubutu kukigusa, na njia nyingine zilizobaki si za kutegemea sana. Kwa hiyo alitaka picha maalumu: mgonjwa anavuta gesi kupitia kinyago, na kamera inaonyesha hewa inafika wapi na wapi haifiki.

Mkalimani alikuwa kwenye simu, sauti ya kijana wa Kenya ikitokea kwenye spika. "Mama, utapewa gas kidogo, uvute, halafu wanachukua picha."

"Gaz?" Mama akauliza.

"Eeh, gas."

"Kuvuta?"

"Kuvuta tu, Mama. Hakuna shida."

Mama akachukua mkoba wake, akasimama. "Jamais," akasema, na hilo halikuhitaji mkalimani.

Daktari alijaribu, mkalimani alijaribu, nami nilijaribu, na Mama akawa anatazama mlango tu. Mwishowe daktari akasema ataishikilia nafasi ya wiki iliyofuata. Kama Mama hatapiga picha siku hiyo, hawezi kumkata kwa kubahatisha, na uvimbe hautasubiri. Alilisema kwa upole, ndiyo maana liliniingia.

Kwenye basi la kurudi nilikuwa nimepanda mori. Ile gesi waliyokuwa wakiizungumza naijua vizuri, kwa sababu ndiyo tunayoipika sisi. Asubuhi baada ya asubuhi nimeitengeneza kwa ajili ya wagonjwa nisiowajua, na sasa mgonjwa ninayemjua, ninayekula sombe yake, anaikataa kama mtu aliyeletewa uji una nywele. Nilimwogopea, ndiyo. Lakini nisiseme uongo, nilichukizwa pia, kama mpishi yeyote.

Jioni nikaenda kwake kumweleza. Nilijiona mtu wa kufaa kuliko wote duniani: naijua gesi, nakijua Kiswahili, namjua Mama. Akanimiminia chai, akakaa, akakunja mikono kifuani. Nami nikaanza, kwa furaha kabisa, jinsi tunavyofundishana wenyewe kazini. Wanafizikia wa kila lugha wana mazoea ya kusema kwamba kitu cha mionzi kinapogeuka na kuwa kingine, kile cha kwanza ni mama na kinachotokana nacho ni mtoto. Nikamwambia: "Ni rahisi sana, Mama. Mashine inatutengenezea mama. Huyo mama tunamweka ndani ya kiboksi cha risasi. Kutwa nzima yumo mle anazaa. Mtoto akizaliwa tunampuliza nje, unamvuta, na pale pale anakufa."

Nilikuwa natabasamu wakati nasema hayo. Chai ilikuwa bado ya moto mkononi mwangu.

Mama akasimama, akachukua kikombe changu kabla sijamaliza, akakipeleka jikoni. "Aksanti, Docteur," akasema kutoka huko. "Usiku mwema." Nje jua lilikuwa bado linawaka.

Kesho yake nilimsimulia mwenzangu yule kalasinga wakati tunasubiri mashine ipoe. Alicheka nilipofika kwenye mama na mtoto, halafu akaacha kucheka ghafla.

"Ngoja. Umemwambia risasi?"

"Ndiyo. Kiboksi ni cha risasi. Ungetaka niseme nini?"

"Mama wa Congo, dada. Amekimbia vita. Wewe unamwambia kuna mama ndani ya box ya risasi, na mtoto wake anakufa."

Kwetu risasi ni risasi: ni ya bunduki na ni yale madini mazito ya kijivu yanayozuia mionzi, na mtu aliyekulia Tanga kwenye amani halazimiki kuchagua. Kazi zote za siku ile nilizifanya nikiwa nakisikia kile nilichokuwa nimekisema. Nikashuka treni Erdington na kwenda moja kwa moja kugonga mlango wa jirani yangu, hata funguo za kwangu sikuzitoa.

"Mama, nisamehe," nikasema nikiwa bado kizingitini. "Ile risasi ya jana si ya bunduki. Ni yale madini mazito, yale ya..."

"Plomb," akasema.

"Ndiyo, hiyo."

"Nilijua. Baba yangu alikuwa mécanicien. Batterie ya gari iko na plomb ndani. Unaniona mi mujinga?" Akaniacha mlango wazi akarudi kukaa, na mimi nikamfuata. "Batu ba huku, ukisema tu Congo, banawaza bunduki. Na weye pia. Bunduki mi nilikimbia, na nilifika. Sasa gaz, mutu anaikimbiaje?"

Sikuelewa. Akanitazama muda, kama anayepima kama nastahili kuambiwa.

"Weye unajua mazuku?"

Sikulijua neno hilo. Neno la Kiswahili, limo kwenye lugha yangu mwenyewe, na sikuwahi kulisikia. Akanieleza. Kule kwao, chini ya volkano, kuna hewa mbaya inayotoka ardhini. Haina harufu, haina rangi. Inakuwa nzito, kwa hiyo inashuka na kulala mabondeni na kwenye mashimo, hasa asubuhi upepo ukiwa bado haujaamka. Unaona mbuzi amelala, unaona ndege wameanguka, na kila kitu kinaonekana sawa. Mtoto wa Goma anafundishwa mapema: mahali pa chini usiingie asubuhi, na ukijikuta umeingia, ziba pumzi, panda juu, ukifika juu ndiyo upumue.

"Inauaka batu bila kelele," akasema. "Mudogo wangu alifuata mbuzi. Mi nilikuwa juu, palepale, mbali kama ile mulango. Nilitaka kushuka, baba mumoja akanishika nguo. Nilikuwa naangalia kifua yake tu, kama itapanda. Haikupanda."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na niliona haya kwa kulia mbele ya mwenye msiba. Akaninyooshea kitambaa bila kunitazama.

"Njo maana, jana weye unasema mutoto anazaliwa, unavuta, anakufa..." Akaacha hapo. Hakukuwa na haja ya kumalizia.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini nadhani hawakuwahi kuulizwa habari zao kupitia spika ya simu na kijana asiyewaona. Ukutani saa ilikuwa inagonga, na kwa mbali lilisikika basi likipanda mlima wa High Street. Kisha Mama akageuka kunitazama sawasawa.

"Niambie kitu moja. Ile gaz yenu. Iko nzito?"

Hapo ungefaa sana uongo mdogo. Ningeweza kusema ni nyepesi, nyepesi kama pumzi yenyewe, na angeamini, kwa kuwa nani angemwambia vinginevyo? Uvimbe ulikuwa kifuani mwake unaendelea na shughuli zake, na nafasi ilikuwa ile moja tu, ya wiki iliyofuata. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa inapita kwenye mapafu ya mtu.

"Nzito, Mama," nikasema. "Nzito hata kuliko mazuku."

Aliinua kichwa. Nikaendelea haraka, kabla hajafikia mkoba. Nikamwambia kwamba ni nzito lakini ni kidogo mno, hata kizibo cha chupa haijazi. Kwamba haiji peke yake kama mazuku ikafukuza hewa nzuri, bali inakuja imechanganywa na hewa safi anayoendelea kuivuta. Kwamba ndiyo, ina mionzi, kidogo, na hiyo mionzi ndiyo inayoiambia kamera hewa imepita wapi. Na kwamba haiwezi kukaa. Mazuku yanalala shimoni yanasubiri mtu. Hii yetu, ukihesabu taratibu mpaka kumi na tatu, nusu yake imekwisha. Ukihesabu tena, imekwisha nusu ya iliyobaki. Hata uiachie chumbani, haifiki sakafuni.

"Haijui kusubiri," akasema.

"Haijui kabisa."

Akawaza. "Kule hospitali banasemaka tu 'no problem, no problem'. Kitu yenye haina problem, juu ya nini banavaa gants ku mikono? Weye njo wa kwanza kuniambia iko nzito." Akavuta shali yake mabegani. "Nani anaitengenezaka?"

"Sisi. Mimi."

"Weye, na mikono yako?"

"Na mashine."

"Basi ya kwangu utaitengeneza weye. Na nikiwa navuta utasimama pale. Bila ile, siendi."

Nikaahidi pale pale, na nilipofika kwangu ndipo nikakumbuka kwamba siku hiyo si zamu yangu. Nilibadilishana na mwenzetu mmoja kwa kumpa Jumatatu mbili na bakuli la kisamvu, chenye nazi.

Dawa hii haiwezi kupikwa jana ikaliwa leo. Yule mama wa kwenye kiboksi mwenyewe hamalizi siku mbili ana nguvu, kwa hiyo anapikwa alfajiri, dereva anampeleka hospitali asubuhi, na wagonjwa wanahudumiwa siku hiyo hiyo. Kila mtu kwenye kazi hii anajua kwamba kukiwa hakuna mwale hakuna picha. Siku ile nilifika mapema kuliko wote, nikiwa nimeshasali na kunywa chai, nikiwa na uhakika. Mashine ikakataa.

Sumaku zilikuwa sawa, umeme ulikuwa sawa, na sindano ya kipimo cha mwale ikalala kwenye sifuri. Tukatafuta chanzo mpaka tukakipata: utambi. Katikati kabisa ya mashine kuna uzi mdogo wa chuma unaopashwa moto, na hapo ndipo protoni zinapotokea. Umekatika. Si kitu kigeni, tambi hukatika, lakini kuubadilisha ni kufungua mahali palipovutwa hewa yote, kuweka mpya, kufunga, kisha kuivuta hewa upya, na pampu haifahamu kwamba una jirani.

Tulipokuwa tumeshaweka utambi mpya na pampu inavuta, hospitali walipiga simu. Walikuwa waungwana: wangemsogeza Mama awe wa mwisho kwenye orodha, ila baada ya hapo kamera ina kazi nyingine. Nikafikiria akirudishwa nyumbani. Nikamwona akichukua mkoba, akisema basi, Mungu amekataa, na asirudi tena. Nilimjua. Mara moja alikuwa amekubali, na sikuwa na maneno mengine ya kumpa.

Nilipiga meza teke. Nikaitukana pampu kwa Kiswahili cha Tanga, ambacho kina hazina ya kutosha kwa shughuli hiyo. Kalasinga wangu alikuwa amekaa mikono magotini, macho kwenye kipimo cha hewa iliyobaki ndani ya mashine.

"Dada," akasema, "mwali hatolewi kwa matusi."

"Mtu atakufa!"

"Najua. Umeniambia mara ngapi? Mimi pia nimemuombea gurdwara." Hilo sikulijua. "Kaa. Namba inashuka."

Nikakaa. Namba ilikuwa inashuka kweli, polepole, kama mtu anayeteremka ngazi na mzigo. Ilipofika inapotakiwa akageuza kitufe kwa vidole viwili, kwa adabu, na sindano ikatetemeka, ikainuka, ikasimama. Hakutangaza chochote. Alinisukumia tu kiti changu karibu na vipimo vya shabaha, pale mwale unapopiga ili yule mama apatikane, nami nikaanza kupika. Kipindi chote mwale ulipokuwa unaipiga ile shabaha sikuondoa mkono mezani. Tukamtoa mama yule, tukampima, tukamtia kwenye kiboksi chake kizito, na dereva akaondoka nacho akiwa ameshaacha injini inanguruma. Mimi nikavaa koti la baridi juu ya koti la kazi nikakimbilia basi.

Mama alikuwa amekaa ukumbini, mgongo umenyooka, amevaa kitenge chake cha Jumapili na kilemba cha rangi ile ile.

"Umechelewa," akasema.

"Mashine ilikataa."

"Na sasa?"

"Imekubali."

Akaitikia kwa kichwa kama anayepokea taarifa ya mpishi kwamba nyama imeiva, na tukapanda lifti pamoja mpaka kwenye chumba cha kamera.

Mpiga picha alikuwa dada mdogo wa hapa hapa mjini, mchangamfu, anayemwita kila mtu "bab" kama desturi ya watu wa hapa. "Come on through, bab," akamwambia Mama.

Mama akanigeukia. "Ananiita baba?"

"Ndiyo mapenzi yao, Mama."

"Kitenge yote hii, na bado naonekana baba!" Lakini aliingia.

Akalazwa kwenye kitanda chembamba, kamera ikasogezwa juu ya kifua chake. Nikaruhusiwa kusimama karibu na skrini, ambapo ananiona nami namwona. Dada yule akamfunika kinyago, akafungua bomba, akarudi kwangu. Skrini ilikuwa nyeusi. Tukangoja. Ikabaki nyeusi.

"She's holding her breath," akaninong'oneza. "Can you tell her, bab?"

Niliangalia kifua cha Mama. Hakikupanda. Macho yake yalikuwa wazi, yamenikazia mimi, na mikono imeshika kingo za kitanda. Nikamwambia, "Mama, vuta." Hakuvuta. Nikamwambia ni ile ile, niliyoitengeneza mwenyewe. Hakuvuta, na uso ukaanza kubadilika rangi, na mimi nikaanza kuogopa kama sijawahi kuogopa mbele ya mashine yoyote. Fizikia yangu yote ilikuwa pale chumbani na haikuwa na la kusema. Mtoto wa Goma alikuwa chini shimoni, anafanya alichofundishwa.

"Mama," nikasema. "Tuko ghorofani. Tulipanda lifti, unakumbuka? Hapa ni juu. Umeshapanda, Mama. Umefika juu."

Alinitazama. Kisha kifua kikapanda.

Kwenye skrini zikatokea nuru chache, zikaongezeka, zikajaa. Pafu la kushoto lote, kuanzia juu mpaka chini. La kulia chini, na katikati. Juu ya la kulia, pale penye uvimbe, pakabaki peusi, akavuta tena na pakabaki peusi, na weusi ule ndio tuliokuwa tukiuomba: kipande kile kilikuwa kimeshaacha kazi, alikuwa akiishi bila hicho siku nyingi, daktari angeweza kukiondoa. Mimi si daktari na sikuruhusiwa kusema neno. Nilijiziba mdomo kwa mkono, machozi yakanitoka. Miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kuona kazi yangu inakoishia, na sasa niliiona ikiingia kifuani mwa mtu na kutoka, ikiingia na kutoka.

"All done," akasema dada yule. "Tell her she was brilliant. We can take the mask off."

Nikamsogelea Mama nikamwambia kwamba imekwisha, picha imetoka, sasa avue. Akainua kidole kimoja kutoka kwenye kitanda, kama mwalimu anayemzuia mwanafunzi.

"Mwambie angojee," akasema ndani ya kinyago. "Mi bado navuta."